Orki: Historia ya Adui Aliyezaliwa Mwovu

Orki ni kiumbe wa kubuni katika hadithi na michezo ya kifantasia. Ana umbo la mtu, misuli mizito, meno yaliyochomoza, na mara nyingi ngozi ya kijani au ya kijivu. Katika michezo ya kuigiza wahusika, ambamo wachezaji huketi mezani na kalamu na dadu huku mwendesha mchezo akiwasimulia yanayowakuta, orki ni miongoni mwa maadui wa mwanzo ambao mchezaji mgeni hupambana nao. Kwa miaka mingi alikuwa na sifa iliyomtenga na jambazi au askari wa upande wa pili: alihesabiwa kuwa mwovu tangu tumboni. Jambazi huwa mwovu kwa alilotenda. Orki alikuwa mwovu kabla hajatenda lolote, kama chui alivyo na madoa. Sifa hiyo iliingia mchezoni kwa sababu za kazi, na ilianza kulegea kila mchezo ulipomwongezea orki kitu kingine: watoto, mungu, lugha, na hatimaye kiti mezani.

Neno na maana yake ya kwanza

Neno lenyewe ni la Kiingereza cha kale. Katika orodha za maneno za enzi hiyo, orc lilitumika kufasiri Orcus, mungu wa kuzimu wa Warumi. Utenzi wa Beowulf, ambao nakala yake pekee iliyosalia iliandikwa karibu na mwaka 1000, unawataja orcneas katika kundi la viumbe wa kutisha waliotokana na Kaini, aliyemuua nduguye Abeli. Hakuna maelezo ya sura yao wala maisha yao. Lililopo ni nasaba tu: kizazi kizima kinabeba laana ya babu mmoja. Wazo la uovu wa kurithi lilikuwa limeambatana na jina hata kabla jina halijapata mwili.

Mwili ulitoka kwa J.R.R. Tolkien. Mwandishi huyo alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akakulia Uingereza, na kuanzia 1925 alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. Neno orc alilikuta katika maandiko aliyokuwa akiyafundisha. Baadhi ya tabia za viumbe wake zilitoka kwa goblini, vijitu waovu wa chini ya ardhi wanaopatikana katika hadithi ya watoto iliyotolewa mwaka 1872 na Mskoti George MacDonald. Orki wa Tolkien walianza kuonekana katika maandishi yake ya 1916 na 1917, aliporudi mgonjwa kutoka vita vya Somme. Wasomaji walikutana nao kwanza katika The Hobbit mwaka 1937, ambamo huitwa zaidi goblini, kisha katika The Lord of the Rings, iliyotoka kwa juzuu tatu mwaka 1954 na 1955.

Tolkien alikuwa Mkatoliki, na imani yake ilimletea tatizo ambalo hakulimaliza. Kwa mafundisho hayo uovu hauwezi kuumba. Unaweza tu kuharibu kilichoumbwa. Basi orki walitoka wapi? Katika maandishi ya mwanzo, bwana wa giza aliwafinyanga kutokana na joto na tope la ardhini. Baadaye mwandishi aliliacha jibu hilo, kwa sababu lilimpa shetani uwezo wa Muumba. Katika The Silmarillion, iliyohaririwa na mwanawe Christopher na kuchapishwa mwaka 1977, miaka minne baada ya kifo cha Tolkien, orki ni elfi, viumbe wengine wa hadithi zake, waliotekwa, wakateswa na kupotoshwa. Hati nyingine, zilizochapishwa mwaka 1993, zinaonyesha akipima kama walitokana na wanadamu, au kama wengine walikuwa wanyama waliofunzwa kusema. Kila jibu lilizua swali: ikiwa orki wana nafsi, wanaweza kutubu, na ikiwa hawana, huzungumzaje? Maana kwenye kurasa zake wanazungumza. Katika juzuu ya pili, maafisa wawili wa orki wanaosikika wakilalamikia wakubwa wao wanatamani kutoroka vita na kwenda kuishi mbali na mabwana. Ni manung'uniko ambayo askari wa jeshi lolote angeyaelewa.

Barua zake zinaonyesha pande mbili za jambo hilo. Mwaka 1944 alimwandikia Christopher, aliyekuwa jeshini, kwamba katika vita halisi orki wamo pande zote mbili. Mwaka 1958, akiupitia muswada wa filamu iliyopendekezwa, alieleza sura ya orki kwa kuwafananisha na watu wa Asia wenye asili ya Kimongolia, kwa maneno ya kudharau yaliyoegemea jicho la Mzungu. Barua hiyo ingekuja kunukuliwa sana miongo kadhaa baadaye.

Kutoka jeshi la sanamu hadi mezani

Orki aliingia mchezoni kupitia michezo ya vita, ambayo wachezaji wake husogeza sanamu ndogo za askari juu ya meza. Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren, Wamarekani wawili, walichapisha kanuni ziitwazo Chainmail kwa vita vya enzi za mapanga na mikuki. Mwishoni waliongeza sehemu ya vita vya kifantasia, na humo viumbe waligawanywa pande tatu: Sheria, Vurugu na wasiofungamana na upande. Mgawanyo huo ulifanana na ule wa riwaya za Poul Anderson na Michael Moorcock, ambamo Sheria na Vurugu ni nguvu mbili zinazogombea ulimwengu. Katika mchezo wa vita kazi yake ilikuwa rahisi zaidi: ulionyesha nani anaweza kupangwa katika jeshi gani.

Mwaka 1974 Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons kupitia kampuni ndogo ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000 za kijisanduku chenye vijitabu vitatu. Mchezaji sasa hakuongoza jeshi. Aliongoza mtu mmoja mwenye jina, anayeshuka mapangoni kutafuta hazina. Mgawanyo wa pande tatu ulibebwa kama ulivyo. Ajabu ni kwamba katika orodha hiyo ya 1974 orki aliandikwa mara mbili: chini ya Vurugu, na pia chini ya wasiofungamana. Kwa kanuni za mwanzo kabisa, basi, orki hakulazimika kuwa upande wa giza.

Mlango huo ulifungwa ndani ya miaka mitatu. Mwaka 1976 Gygax alieleza katika jarida la TSR mhimili wa pili, wa wema na uovu, unaokatana na ule wa sheria na vurugu. Kutokana na mihimili hiyo zikapatikana nafasi tisa, na kila kiumbe akapewa yake. Mwaka 1977 kikatoka Monster Manual, kitabu kilichopanga mamia ya viumbe kwa alfabeti, kila mmoja na idadi yake, silaha zake, akili yake na mwelekeo wake wa maadili. Orki aliwekwa katika uovu wenye utaratibu, na mchoro wa David Sutherland ukampa pua ya nguruwe. Mwelekeo wa mchezaji ulitokana na uchaguzi wake na uliweza kubadilika kwa matendo. Wa kiumbe uliandikwa kitabuni pamoja na idadi ya meno yake.

Wakati huohuo wenye haki za kibiashara za kazi za Tolkien waliitaka TSR iache baadhi ya majina ya viumbe. Hobbit akapewa jina jingine, na hivyo hivyo balrog na ent. Orki alibaki na jina lake, neno la kale ambalo halikuwa mali ya mtunzi mmoja. Tangu hapo aliweza kutumiwa na yeyote, na akatumiwa na karibu kila mtu.

Faida ya adui asiyehitaji kuthibitishwa hatia

Uovu wa kuzaliwa ulikuwa na kazi ya kufanya. Kikao cha mchezo huchukua saa chache za jioni, na mapigano yalikuwa sehemu kubwa ya burudani. Adui ambaye uovu wake unajulikana mapema hahitaji kushtakiwa, kuhojiwa wala kuhurumiwa. Mfumo wa alama nao ulisukuma upande huohuo: mhusika alipanda ngazi kwa alama alizopata kwa hazina aliyoichukua na viumbe aliowashinda. Kama wenye hazina wangekuwa majirani wa kawaida, wachezaji wangekuwa wezi na wauaji. Neno moja kwenye safu ya mwelekeo liliwageuza kuwa mashujaa.

Lakini kitabu kilichomhukumu orki ndicho kilichomletea utetezi. Monster Manual ilieleza kwamba katika makazi ya orki wamo pia wanawake na watoto, na ikatoa hesabu: wanawake nusu ya idadi ya wanaume, watoto sawa na idadi ya wanaume. The Keep on the Borderlands, kisa cha Gygax kilichowekwa ndani ya sanduku la wanaoanza kuanzia mwaka 1979 na hivyo kuchezwa na watu wengi mno, kiliwapeleka mashujaa kutoka ngome ya mpakani hadi mapango ya viumbe waovu. Katika pango la orki walikuwamo watoto, na maelezo yalisema hawapigani. Kisa hakikusema wafanywe nini. Swali la watoto wa orki likawa mjadala wa kudumu kati ya wachezaji, hasa kwa mhusika aitwaye paladini, shujaa wa dini anayepoteza nguvu zake akitenda dhambi. Akiwaua, amemwaga damu ya wasio na kosa. Akiwaacha, amewaacha waovu wakue.

Jibu la Gygax mwenyewe lilipatikana mwaka 2005, alipoulizwa na wachezaji kuhusu paladini na mateka. Alitetea kuuawa kwao, na akarejelea usemi wa kwamba mayai ya chawa ndiyo yatakayokuwa chawa, usemi unaohusishwa na Kanali John Chivington. Chivington ndiye aliyeongoza mauaji ya Sand Creek, Colorado, tarehe 29 Novemba 1864, ambamo askari waliwaua watu wa Cheyenne na Arapaho, wenyeji wa asili wa Amerika, zaidi ya 150, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Rejeo hilo lilionyesha wazi jambo ambalo wakosoaji walikuwa wakilisema: ngome ya mpakani, mapango ya washenzi na watoto watakaokua kuwa maadui ni mandhari iliyowahi kuwepo duniani, na waliokuwa mapangoni walikuwa watu.

Si kila utamaduni umezoea kufikiria viumbe wa kutisha kwa namna hii. Katika pwani ya Waswahili, jini ni jamii ya viumbe wenye hiari: wamo Waislamu na makafiri, wema na wabaya, na mganga huuliza kwanza ni jini gani aliyempanda mtu. Mafundisho ya Kiislamu yanawahesabu majini kuwa viumbe watakaohukumiwa kwa matendo yao kama wanadamu. Dungeons & Dragons iliyachukua majini hayohayo ikayagawa kwa aina, kila aina na maadili yake: katika kitabu cha viumbe cha 2014, jini wa hewa ni mwema, ifriti wa moto ni mwovu, na jini wa ardhi ni mwovu pia. Kilichokuwa uchaguzi wa kila mmoja kikawa sifa ya kabila zima.

Nyufa

Hatua za kumfungua orki zilianza mapema, na nyingi zilitoka kwa waandishi wa mchezo wenyewe waliotaka viumbe wenye mambo mengi ya kusimulia. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kiliruhusu mtu kucheza nusu-orki, mzaliwa wa orki na mwanadamu. Asili yake, iliyodokeza ubakaji, haikuelezwa waziwazi, na toleo la pili la mwaka 1989 likamwondoa. Alirudi mwaka 2000. Mwaka 1980 orki walipewa mungu wao, Gruumsh mwenye jicho moja. Jamii yenye mungu huwa na ibada, simulizi na malalamiko yake, na mwenye malalamiko hawezi kuelezwa kwa neno moja tu.

Washindani walikwenda mbali zaidi. Mchezo wa RuneQuest, ulioanza mwaka 1978, ulitoa mwaka 1982 kifurushi kizima kuhusu majitu yake ya gizani, kikiwaeleza kwa historia, vyakula na imani zao kama mwanaanthropolojia anavyoeleza jamii aliyoitembelea. Katika Shadowrun, mchezo wa 1989 unaohusu dunia ya siku zijazo, orki ni binadamu waliobadilika maumbile, na ubaguzi dhidi yao ni sehemu ya kisa.

Ndani ya Dungeons & Dragons ufa mkubwa ulipita kwa kiumbe mwingine. Drow, elfi wenye ngozi nyeusi wanaoishi chini ya ardhi na kumwabudu mungu buibui, walianza kuonekana katika visa vya Gygax vya mwaka 1978, na weusi wao ulihusishwa na uovu wao. Mwaka 1988 R.A. Salvatore alimleta Drizzt Do'Urden, mdrow aliyeukimbia ukatili wa watu wake. Riwaya zake zilipendwa mno. Hata hivyo Drizzt aliiacha kanuni mahali pake: alikuwa mwema kwa kuwa hakufanana na jamaa zake. Mmoja mwema aliyetoroka huthibitisha ubaya wa waliobaki.

Kwa orki, hatua kubwa ilitoka kwenye kompyuta. Warcraft: Orcs & Humans ya kampuni ya Blizzard, mwaka 1994, ilimpa mchezaji nafasi ya kuongoza upande wowote. Katika Warcraft III, mwaka 2002, orki wana kiongozi mwenye busara aitwaye Thrall, na ukatili wao wa zamani unaelezwa kuwa ulitokana na damu ya pepo waliyonyweshwa. World of Warcraft, mwaka 2004, iliwafikia mamilioni ya watu, na kwa wengi wao orki akawa mhusika wao wenyewe kabla ya kuwa adui. Mwaka huohuo ulimwengu wa Eberron, uliobuniwa na Keith Baker kwa ajili ya Dungeons & Dragons, ulikata uhusiano kati ya aina ya kiumbe na maadili yake; humo baadhi ya orki ni walinzi wa kale wanaoizuia dunia isivamiwe.

Kanuni nazo zililegea kidogo kidogo. Katika marekebisho ya 2003, mbele ya mwelekeo wa viumbe lilitangulia neno la kupima: daima, kwa kawaida, au mara nyingi. Orki alipewa "mara nyingi", na kwa wakati huo alikuwa amehamishwa kutoka uovu wa utaratibu kwenda uovu wa vurugu. Kiumbe aliyesemwa kuwa na maumbile yasiyobadilika alikuwa amekwisha kubadilishwa maumbile na wahariri.

Kuondolewa kwa hukumu

Mabishano yalikolea kadiri wachezaji walivyoongezeka na kutofautiana asili. Hoja ya wakosoaji ilihusu lugha zaidi ya orki mwenyewe. Vitabu viliwaita orki, elfi na wanadamu "mbari", neno lilelile lililotumika kuwagawa watu wakati wa utumwa na ukoloni; kisha vikasema mbari fulani ni katili, wanazaana upesi na hawana akili. Mwaka 2016 kitabu cha nyongeza kilimruhusu mchezaji kuwa orki kamili, lakini kwa kupunguziwa alama mbili za akili. Upande wa pili ulijibu kwamba hadithi inahitaji madubwana, kwamba orki si mtu wa taifa lolote, na kwamba mwendesha mchezo yuko huru siku zote kubadilisha anachotaka.

Mwezi Juni 2020, wakati Marekani ilipokuwa na maandamano baada ya Mmarekani Mweusi George Floyd kuuawa na polisi, kampuni ya Wizards of the Coast, iliyoinunua TSR mwaka 1997, ilitangaza kwamba orki na drow wangeelezwa kama jamii zenye maadili na tamaduni mbalimbali kama za wanadamu. Upungufu wa akili ulifutwa mwaka huo. Masahihisho ya Desemba 2021 yaliondoa mwelekeo uliokuwa ukipendekezwa kwa kila mbari ya wachezaji. Desemba 2022 kampuni ilitangaza kuacha neno "mbari" na kutumia "spishi". Pathfinder, mpinzani mkubwa wa mchezo huo, ulikuwa umekwisha kuchagua neno "nasaba" mwaka 2019, na mwaka 2023 ukaondoa nafasi tisa za maadili kabisa.

Uovu wa asili haukufutwa kwa viumbe wote. Mashetani na mapepo wa Dungeons & Dragons wamebaki waovu, kwa sababu wanaelezwa kuwa wametengenezwa na uovu wenyewe; hawana watoto wanaolelewa, vijiji wala mazao. Mpaka uliochorwa upya unapita kati ya roho za uovu na watu wanaozaliwa. Mahitaji yaliyomzaa orki wa zamani nayo hayajaisha. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, Waukraine wengi waliwaita askari wa Urusi orki, na kazi ya neno ilikuwa ileile iliyofanya mezani: kumtaja adui ambaye hakuna haja ya kumlilia.

Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 kinamweka orki katika orodha ya spishi ambazo mchezaji anaweza kuchagua, pamoja na elfi na wanadamu. Monster Manual mpya ilitoka Februari 2025, ikiwa na viumbe zaidi ya 500. Ukurasa wa orki haumo.